UZI: Nimefika Varanasi, mji ambao Wahindu wanaenda kufia. Nitawaeleza nilivyouona

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Kuna uzi ulipita humu juzijuzi watu wanatoana macho kuhusu Wahindu kuchoma maiti kando ya mto, huyu anasema wanatupa tu majini, yule anasema ni uchawi, mwingine kabandika video ambayo hata haijulikani imepigwa wapi. Mimi nimefika huko, nimezunguka kwa miguu mpaka kandambili zikakatika, sasa acha niweke nilichokiona na kile nilichokisoma kabla na baada ya kwenda, anayetaka kwenda apate pa kuanzia na asiyetaka asome tu hamna neno.

Nilifikaje. Nilimsindikiza mjomba Delhi kwa matibabu, na wale mliowahi kusindikiza mgonjwa India mnajua kuna kile kipindi cha kusubiri vipimo, mmekaa gesti mnaangalia tivii ya Kihindi hamuelewi kitu. Shangazi alipokuja kupokea zamu mjomba mwenyewe akaniambia nenda bwana katembee, utakaa hapa unaniangalia mimi nina nini cha kuangaliwa. Nikakata treni. Ipo ile ya kisasa inaitwa Vande Bharat, ilianza 2019 na safari yake ya kwanza kabisa ilikuwa hiihii Delhi kwenda Varanasi, masaa nane hivi, AC, chakula unaletewa kwenye siti. Zipo na treni za kulala za usiku bei ya chini ila tiketi zinaisha mapema sana, usije ukaenda stesheni siku ileile ukategemea bahati.

Mji wenyewe usichanganyikiwe na majina. Tiketi imeandikwa Varanasi, dereva wa bajaji anasema Banaras, bibi aliyekaa pembeni yako na kifurushi cha maua anasema Kashi. Wote mnaenda palepale. Upo jimbo la Uttar Pradesh na ni wa zamani kweli, wachimbaji wa mambo ya kale pale Rajghat walikuta dalili za makazi ya kama karne ya 8 kabla ya Kristo. Ila hapa niseme kitu ambacho watembeza watalii hawakisemi, majengo mengi unayoyaona pale mtoni si ya miaka elfu tatu, ni ya karne ya 18 na kuja huku, mengi yamejengwa na wafalme wa Kimaratha na matajiri wa sehemu nyingine za India waliotaka kila mmoja awe na nyumba yake kwenye mji mtakatifu. Kilicho cha kale ni watu kuja pale kufanya yaleyale.

Sasa sikilizeni mto ulivyo, maana bila hilo hutaelewa kitu. Ganga inatoka milima ya Himalaya inashuka mpaka Ghuba ya Bengal, zaidi ya kilomita 2,500, na mwelekeo wake kwa ujumla ni kusini mashariki, lakini ikifika hapa inapinda na kutiririka kuelekea kaskazini, yani inageukia kule ilikotoka. Kwa Wahindu hilo si jambo dogo. Na mji wote umejengwa ukingo mmoja tu, wa magharibi, ng'ambo ni mchanga mtupu hakuna jengo, kwa hiyo jua linachomoza usoni kwako hakuna kinachoziba. Ndo maana saa kumi na moja alfajiri mji mzima uko macho, watu wanashuka ngazi kwenda kuoga na kulipokea jua.

Hizo ngazi za mawe zinazoshuka majini ndo zinaitwa ghati. Wanazihesabu 84, zimejipanga kama kilomita sita kuanzia Assi upande wa kusini. Kila moja ina jina lake, ina hekalu lake, ina watu wake. Ushauri wangu, mtu akifika mchana asikimbilie boti, aanzie Assi atembee tu taratibu kuelekea kaskazini. Utapita wazee wanacheza karata, vijana wanacheza kriketi na mpira ukidondoka majini wanaufuata wakiwa na nguo zao, dobi anapigapiga mashuka kwenye jiwe, nyati wamejilaza majini, kinyozi ananyoa mtu kichwa pembeni. Huyo anayenyolewa muangalie vizuri, akiwa na shuka jeupe ujue amefiwa.

Nyuma ya ghati ni vichochoro, na hapa mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar atajiona yuko nyumbani, ila aongezee ng'ombe. Ng'ombe dume kasimama kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili na pikipiki nyuma yako inapiga honi. Hapo hakuna busara zaidi ya kusubiri ng'ombe aamue.

Naendelea hapo chini, kuna la Manikarnika linataka nafasi yake.

#2 (mleta uzi)

Manikarnika. Hii ndo ghati kubwa ya kuchomea maiti. Moto wake hauzimi usiku wala mchana, wenyewe wanasema umewaka vizazi na vizazi, na kila kuni inayowashwa pale inachukuliwa moto wake kwenye ule moto mmoja unaotunzwa na watu wa jamii ya Dom. Hawa Dom kwenye mfumo wa matabaka wamewekwa chini kabisa, zamani mtu wa tabaka la juu hakutaka hata kuguswa nao, lakini hapa Brahmin, mtu wa tabaka la juu kabisa, akifa mwanawe lazima aende kwa Dom kuomba moto. Na analipia. Nilikaa nikalifikiria hilo muda mrefu.

Utaratibu ni hivi. Mwili unakuja umelazwa juu ya machela ya mianzi, umefunikwa vitambaa vinavyong'aa na maua ya rangi ya chungwa, wanaume wameubeba mabegani wanapita nao kwenye vilevile vichochoro vya ng'ombe na maduka huku wanaitikia "Ram naam satya hai", yani jina la mungu Ram ndo kweli. Unajibanza ukutani wapite, kisha muuza chai anaendelea kumimina chai yake. Mwili unachovywa Ganga, unawekwa juu ya kuni, mtoto wa kiume mkubwa aliyenyolewa na kuvaa nyeupe anazunguka na anawasha. Kuni zinapimwa kwenye mizani kubwa, mwili mmoja unaweza kula kilo mia tatu, za bei rahisi zipo na msandali upo kwa mwenye uwezo, wengi wanatupia tu unga kidogo wa msandali kwa ajili ya harufu. Kama masaa matatu hivi inakuwa imeisha. Mwishoni mtoto anachukua chungu cha maji anarusha nyuma ya bega lake kwenye moto na anaondoka bila kugeuka.

Wanawake kwa desturi hawashuki pale. Nilielezwa kwamba kilio kinaizuia roho isiondoke, ingawa siku hizi wapo wachache wanaokuja.

Kwa nini hapa? Kwa imani yao mtu anazaliwa, anafa, anazaliwa tena, haishi, na ule mzunguko wenyewe ndo adhabu. Lakini anayefia Kashi, mungu Shiva mwenyewe anamnong'oneza sikioni neno la kumvusha, na pale mzunguko unakatika, harudi tena. Hiyo ndo moksha. Kwa hiyo mtu kufia hapa si msiba wa namna tuliyoizoea, kwa familia ni kama mzee amefaulu. Kuna nyumba, maarufu ni inayoitwa Mukti Bhawan, ambako wagonjwa walio mahututi wanaletwa na ndugu zao wakae wasubiri, wanapewa kama wiki mbili, na asiyekufa kwa kawaida anaambiwa arudi nyumbani. Najua mnaanza kucheka. Mimi nilikuwa nimetoka wodini Delhi sikucheka, maana nilikuwa nimewaona watu wanaokufa katikati ya mashine na ndugu wamezuiwa mlangoni.

Jambo la muhimu kwa wanaoenda: SIMU MFUKONI. Usipige picha Manikarnika wala Harishchandra, ile ghati nyingine ya kuchomea. Hata kutoka kwenye boti waache. Ni mazishi ya mtu yale, wewe ungependa mgeni aje makaburini Kinondoni wakati mnamshusha mama yenu aanze kuchukua selfi? Na kuna vijana pale watakufuata, "nafanya kazi hospisi (nyumba ya wanaosubiri kufa), njoo juu uone vizuri", anakupandisha kwenye jengo, anakupa maelezo mazuri kabisa halafu mwishoni anakwambia uchangie kuni za maskini, kilo moja rupia kadhaa, maskini anahitaji kilo nyingi, anaanza kupandisha sauti. Huyo ni mjanja tu. Mmoja alinishika nikamjibu kwa Kiswahili mwanzo mwisho mpaka akachoka.

#3 (mdau, Mwanza)

Mkuu uzi mzuri, hongera. Lakini bado hujajibu, maiti zinatupwa mtoni au hazitupwi? Mimi ile video niliiona kwa macho yangu. Halafu tulikuwa na mzee mmoja Mhindu hapa mjini alikuwa na duka la vitambaa, alipofariki walimchoma hapahapa, wanawe wakasafiri na majivu kwenda India. Nikawa najiuliza safari yote hiyo kwa ajili ya majivu?

#4 (mleta uzi)

Mkuu, swali zuri. Kawaida mwili unachomwa, na majivu ndo yanaingia mtoni. Huyo mzee wenu wanawe walifanya jambo la kawaida kabisa, asiyebahatika kufia Ganga basi majivu yake yafike Ganga, wengine wanapeleka Haridwar, wengine Prayagraj, wengine hapa Kashi.

Lakini wapo ambao kwa desturi hawachomwi, kama watoto wadogo na masadhu wale watawa waliokwisha kuiaga dunia, hao walikuwa wanafungwa jiwe na kuzamishwa katikati ya mto. Na kipande cha mfupa kinachobaki baada ya moto nacho kinatupwa majini. Na maskini aliyeishiwa hela ya kuni, mwili hauungui vizuri, unajua kitakachofuata. Kwa hiyo si uongo kwamba mabaki yalikuwa yanaonekana. Serikali ilipoanzisha mpango wa kusafisha Ganga mwaka 1986 walifikia hatua ya kuzalisha kobe wa majini pale jirani Sarnath na kuwaachia mtoni ili wayale mabaki. Si utani, kobe walikuwa sehemu ya mpango wa serikali.

Sasa video. Mei 2021 wimbi la pili la Korona liliipiga India vibaya mno, kuni zikapanda bei, sehemu za kuchomea zikajaa, na kweli miili ikaonekana inaelea Ganga, iliripotiwa sana Buxar kule Bihar na Ghazipur ambayo iko mbele kidogo ya Varanasi. Kama video yako ni ya kipindi kile basi ulichokiona ni janga, usikichukue ukasema ndo dini yao.

#5 (mdada, Dar)

Kaka na maji je? Maana nimeona watu wanayanywa kabisa. Wewe ulioga? Sema ukweli.

#6 (mleta uzi)

Dada yangu mimi nilinawa miguu, basi. Maji taka ya miji mingi yanaingia ule mto, viwanda navyo, na vipimo vya vijidudu vya kinyesi vimekuwa vikionyesha mara nyingi juu sana ya kiwango cha kuogea ambacho India yenyewe imejiwekea. Huo mpango wa 1986 ulikula hela matokeo yakawa haba. Mwaka 2014 ukaja mwingine, Namami Gange, bajeti rupia bilioni 200, mitambo ya kusafisha maji taka ikajengwa, ngazi zikasafishwa. Wenyeji wa pale niliopiga nao stori wanasema macho yanaona tofauti, takataka zinazoelea zimepungua. Lakini kusafisha kinachoonekana na kusafisha kisichoonekana ni kazi mbili.

Ila ukimwambia bibi aliyesafiri siku mbili kwenye treni kwamba maji ni machafu atakuangalia tu. Yeye haji kuogea uchafu wa mwili. Ganga kwake ni mama, Ganga Ma, na mama hachafuki. Nilimuuliza mhandisi mmoja mstaafu, mtu msomi kabisa, tulikutana kwenye chai pale Assi, akasema najua namba zote na naoga kila asubuhi. Nikashindwa pa kubishia.

#7 (mdau, Mombasa)

Assalaam aleikum wote. Mie swali langu lataka jibu la haki. Kuna Waislamu huko? Na ule msikiti ulio ubavuni mwa hekalu twausikia kila siku kwenye habari, umeuona?

#8 (mleta uzi)

Wa aleikum salaam kaka. Wapo, tena wengi sana, na mji usingekuwa ule bila wao. Zile sari za Banaras za hariri na nyuzi za dhahabu ambazo kila bi harusi wa Kihindi anaziota, wafumaji wake wengi ni Waislamu, nenda mitaa kama Madanpura utasikia vitanda vya mfumi vinagonga kutoka ndani ya nyumba, kaka zao, baba zao, babu zao kazi hiyohiyo. Ingawa siku hizi mashine za umeme na nakala za bei rahisi zimewabana sana. Mpiga zumari Bismillah Khan, yule aliyepewa Bharat Ratna mwaka 2001 ambayo ndo nishani ya juu kabisa ya kiraia India, alikuwa Mwislamu wa Banaras, akiswali swala zake na akipiga zumari kwenye hekalu pale mtoni, alifariki 2006. Na Kabir mshairi wa karne ya 15 alilelewa nyumba ya wafumaji Waislamu hapahapa, Wahindu na Waislamu wote wanamdai ni wao. Kabir huyu alipozeeka akauhama Kashi kwa makusudi akaenda kufia Maghar, mahali ambapo watu waliamini ukifia huko unazaliwa tena punda, kuonyesha kwamba wema wa mtu hautokani na alipofia. Mimi huyo mzee nampenda bure.

Msikiti unaitwa Gyanvapi. Habari yake ni nzito. Hekalu la Vishwanath lilibomolewa mwaka 1669 kwa amri ya mfalme Aurangzeb na msikiti ukasimama pale, hekalu la sasa lililo pembeni likajengwa 1780 na malkia Ahilyabai Holkar, baadaye Ranjit Singh wa Punjab akatoa dhahabu ya kufunika vilele vyake. Leo kuna kesi mahakamani, na Januari 2024 mahakama iliruhusu ibada ya Kihindu kwenye chumba cha chini cha msikiti. Kuuona nimeuona kwa nje tu, umezungushiwa vyuma na askari wenye bunduki. Wenyeji wa pande zote mbili niliowagusia waligeuza maneno wakaanza kuongelea hali ya hewa, na mimi nikaheshimu.

Kuingia hekaluni wageni tunaruhusiwa, beba pasipoti. Simu, kamera, hata kalamu unaacha kwenye kabati nje. Desemba 2021 walizindua njia pana kutoka mtoni mpaka hekaluni, walibomoa nyumba nyingi za zamani kuipisha, ukiuliza watu nusu wanasifu kwamba sasa wazee wanapita bila kukanyagana, nusu wananuna. Mimi ni wa hao wanaonuna. Pamekuwa pasafi, papana, na pamekuwa kama popote.

#9 (mdada, Dar)

Na mwanamke akienda peke yake? Na msosi? Mbona umekaa kwenye mauti tu kaka jamani.

#10 (mleta uzi)

Hahaha haya dada. Nilikutana na akina dada kadhaa wanasafiri peke yao, walichosema ni kwamba mchana hakuna shida zaidi ya kutazamwa na kuombwa selfi (sisi watu weusi selfi utapigwa mpaka uchoke, wengi ni ushamba tu si ubaya), ila usiku ukiingia usizurure vichochoroni, chukua gesti iliyo karibu na ghati yenye watu kama Assi, vaa nguo ya kufunika mabega na magoti.

Msosi sasa. Mji mtakatifu, nyama huioni karibu na mahekalu, lakini hutaikumbuka. Asubuhi kuna kachori, na usitegemee zile za viazi za kwetu Pwani, hizi ni za unga zinatumbukizwa mafutani zinatuna, zinaliwa na mchuzi wa viazi, na pembeni jalebi ya moto. Lasi, yani mtindi wa kunywa, wanaiweka kwenye kikombe cha udongo, ukimaliza unakivunja. Msimu wa baridi tu kuna kitu kinaitwa malaiyo, povu la maziwa lenye zafarani, likigusa ulimi limeisha, hulipati mchana maana jua likipanda linayeyuka. Tambuu ndo usiseme, ile ya Banaras ndo yenyewe, wanaitafuna masaa yote na mtu akiwa nayo mdomoni anaongea nawe kaangalia juu ili isimwagike. Na kuna maduka yenye leseni ya serikali yanayouza bangi ya kunywa, bhang, inachanganywa kwenye kinywaji cha maziwa kinaitwa thandai. Ukiulizwa "special?" ujue ndo hiyo unaulizwa.

Jioni nenda ghati ya Dashashwamedh kwenye aarti, ibada ya taa, makuhani vijana wamejipanga wanazungusha taa kubwa za moto, kengele, ubani, watu maelfu. Inapendeza ila ni onyesho, tuseme ukweli. Mimi nilipenda zaidi ya alfajiri pale Assi, watu wachache, muziki, baadaye mtu anafanya yoga.

Na ukiwa na nusu siku panda bajaji kwenda Sarnath, kilomita kumi tu, ndiko Buddha alikotoa hotuba yake ya kwanza. Pale makumbusho kuna wale simba wa mawe wa mfalme wa kale Ashoka ambao ndo nembo ya India. Ijumaa makumbusho yanafungwa. Kimya cha huko utakishangaa.

#11 (mdau, Arusha)

Mkuu nimeshawishika. Nina safari ya Mumbai mwezi Machi kwa biashara, niunge huko? Viza na gharama vipi?

#12 (mleta uzi)

Viza unaomba mtandaoni kabla, hakikisha kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano) unayo, wako makini nayo. Kutoka Mumbai panda ndege moja kwa moja mpaka uwanja wa Babatpur, uko kama kilomita 25 toka mjini, treni ni zaidi ya siku nzima usijitese. Gesti za kawaida zipo kwa bei ya gesti nzuri ya Arusha au chini yake. Boti ya makasia alfajiri mimi nililipa rupia mia tatu kwa kuchangia, wataanza na elfu mbili, usikasirike, cheka ondoka watakuita.

Machi hali ya hewa bado nzuri. Mei na Juni ni tanuri, inafika 45. Julai mpaka Septemba mto unafura unameza ngazi, boti zinasimamishwa, hata kuchoma maiti kunahamia juu ya mapaa. Desemba na Januari ukungu, treni zinachelewa nusu siku.

Ila angalia kalenda, Machi ndo mara nyingi inaangukia Holi. Siku hiyo mji mzima unarushiana rangi na maji tangu asubuhi na bhang inanyweka kuliko chai, wenye gesti wenyewe wanawaambia wageni hasa akina dada wakae ndani mpaka mchana saa saba hivi watu wapoe. Ukitoka vaa shati ambalo hulitaki tena, simu ifunge kwenye nailoni, paka mafuta ya nazi mwili mzima na nywele kabla hujatoka rangi isigande. Na siku chache kabla yake kuna Holi nyingine palepale Manikarnika, hiyo wanapakana majivu ya sehemu ya kuchomea. Mzigo wako wa biashara uache Mumbai kwanza.